Dumu la Maji na Spana ya Kipimo: Kwa Nini Injini ya Pikapu Ilifunguliwa Mara Tatu

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, na ninyi marafiki mnaotuunga mkono kutoka mbali,

Katika taarifa za fedha za kila robo mwaka mmekuwa mkiona mstari unaosema "Matengenezo ya gari". Sharika mbili zimetuandikia kuuliza kwa nini mstari huo ulipanda ghafla, ukakaa juu kwa karibu mwaka mzima, kisha ukashuka. Tungeweza kuwajibu kwa barua fupi. Hata hivyo tumeona kwamba maelezo yenyewe yatazifaa kamati zote zenye gari, jenereta, mashine ya kusaga au boti ya injini, na katika pwani hii ya kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo na kupita, kamati zisizo na kimojawapo ni chache.

Tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa jambo lenyewe ni la spana na bolti. Wengi wetu katika ofisi ya miradi tulisomea mipango na mahesabu. Spana hatukufundishwa, na ndiyo maana tulikosea kama tutakavyoeleza.

GARI LENYEWE

Gari linalohusika ni pikapu aina ya Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, lita 2.8, injini ile ile ambayo mafundi wetu wanaifahamu sana kutokana na Hiace za abiria. Hubeba dawa na vifaa kwenda zahanati, na mara nyingi kuliko tulivyopanga hubeba mgonjwa kutoka upande wa Makurunge kwenda hospitali ya wilaya Bagamoyo. Miaka michache iliyopita ilianza kupunguza maji kwenye rejeta na kutoa moshi mweupe. Fundi alifungua silinda hedi, akakuta gasketi imeungua kati ya silinda mbili, akaweka mpya na kufunga. Baada ya wiki chache tu tatizo likarudi vile vile.

Hapo kamati ikaanza kutafuta mtu badala ya kutafuta sababu. Katika kikao mzee mmoja alisema kwamba injini haiungui maji yakiwemo. Kwa kawaida maneno hayo ni ya kweli, na hakuna aliyeyapinga. Ikaonekana kwamba dereva hakuwa akikagua maji asubuhi. Yeye alikana, lakini alisimamishwa kazi. Barua ya kumsimamisha ilifika kwetu dayosisi, tukaipiga muhuri na kuiweka kwenye faili bila kuuliza swali hata moja.

Kwa matengenezo ya pili tulitaka mambo yafanyike kitaalamu. Tuliazima spana ya kipimo kutoka gereji nyingine, ile ambayo mafundi huiita toki renchi, tukampa fundi pamoja na fotokopi ya ukurasa wa kitabu cha injini. Gari lilitembea miezi mitatu. Kisha lilizimika usiku, likiwa na mama mjamzito ndani na dereva mpya kwenye usukani, kabla ya kufika Bagamoyo mjini. Mama yule alimaliza safari kwa bodaboda, dada yake akiwa amemshikilia kwa nyuma. Alifika, akajifungua salama. Tunaiandika habari hii ili msomaji ajue kwamba tunapozungumzia gasketi hatuzungumzii gasketi tu.

Safari ya tatu tuliipeleka silinda hedi Dar es Salaam kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Fundi wa pale, mtu mzima sana, hakuigusa hedi kwanza. Aliomba aione gasketi iliyotolewa. Kwa bahati ilikuwa bado kwenye ndoo nyuma ya gari. Aliinyanyua kwenye mwanga wa mlango na kutuonyesha alama za kubanwa: katikati zilikuwa nzito, pembeni hafifu, na mahali pamoja hazikuonekana kabisa.

"Hii haikuungua kwa kukosa maji, baba," alisema. "Maji yamepotea kwa sababu hii haikubanwa. Nani alikaza?"

BOLTI HUVUTIKA

Kamati nyingi hudhani, kama tulivyodhani sisi, kwamba bolti hushika kwa sababu imezama kwenye nyuzi zake, na kwamba ikishakuwa "ngumu" basi kazi imekwisha. Sivyo. Bolti ya chuma inapokazwa hurefuka kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Kwa kuwa chuma hutaka kurudia urefu wake, bolti huivuta hedi na kuibana dhidi ya bloku muda wote. Kwa hiyo bolti ni springi, ila ni springi ngumu sana. Isiporefuka vya kutosha haibani. Ikirefuka kupita kiasi hulegea moja kwa moja kama mpira uliochoka, au hukatika.

Tazameni kazi inayoifanya. Silinda ya injini ya 3L ina kipenyo cha milimita 96, yaani uso wa karibu sentimita 72 za mraba. Mafuta yanapolipuka kwenye injini ya dizeli, msukumo wa kilo 60 kwa kila sentimita ya mraba ni wa kawaida. Zidisheni: ni zaidi ya tani 4 zinazojaribu kuinyanyua hedi kutoka kwenye bloku. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila silinda hulipuka mara 20 kwa sekunde. Kinachozuia hedi isinyanyuke ni zile bolti peke yake. Gasketi haishikilii chochote, yenyewe huziba tu pale ilipobanwa.

Bolti ya kipenyo cha milimita 12 ikikazwa kwa nyutoni-mita 78 hukadiriwa kubana kwa nguvu ya tani 3 hivi. Tunasema "hukadiriwa" kwa sababu maalum. Spana ya kipimo haipimi bolti imerefuka kiasi gani. Inapima ugumu wa kuizungusha tu, na sehemu kubwa ya ugumu huo ni msuguano. Karibu nusu ya nguvu ya mkono huliwa chini ya kichwa cha bolti, nyingine nyingi huliwa kwenye nyuzi, na inayobaki kuivuta bolti yenyewe ni kama sehemu moja ya kumi. Sasa fikirini bolti iliyokaa kwenye hewa ya chumvi ya Bagamoyo, yenye kutu kwenye nyuzi na mchanga ndani ya tundu. Spana itaonyesha namba sahihi kabisa, lakini namba hiyo itakuwa imeliwa na kutu. Kinyume chake, bolti iliyopakwa oili itarefuka zaidi kwa namba ile ile. Ndiyo maana kitabu cha injini husema kama nyuzi zipakwe oili kidogo au ziachwe kavu, na fundi anayeruka mstari huo ameshaharibu kipimo kabla ya kushika spana. Aidha, oili au maji yakiachwa chini ya tundu lisilo na tundu la kutokea, bolti huyagandamiza yasipate pa kwenda, na yanaweza kupasua bloku. Kusafisha nyuzi ni nusu ya kazi, na tunashauri kamati imlipe fundi muda huo bila kunung'unika.

Kwa sababu hiyo hiyo watengenezaji wengi walibuni njia nyingine ya kumalizia. Kwa injini za 3L, bolti za hedi hukazwa kwanza kwa nyutoni-mita 78, kisha kila moja huongezwa robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90, kisha robo nyingine. Robo hizo mbili hazihitaji chombo chochote cha kupimia. Fundi huweka alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti upande mmoja, halafu huzungusha mpaka alama ifike upande unaotakiwa. Kibati cha rangi ya kucha kinatosha. (Kibati chetu kilitolewa na mweka hazina mwenyewe.) Baadhi ya bolti za injini za siku hizi zimetengenezwa zirefuke mara moja tu, hivyo lazima zinunuliwe mpya. Kitabu husema ni zipi, au hutoa urefu ambao bolti ikiupita haifai tena.

Mpangilio nao una maana. Hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, bila kumaliza bolti moja kabla ya nyingine. Watu wa Bagamoyo hawahitaji kuelezwa sana hapo, kwa kuwa wamewaona wawamba ngoma wa TaSUBa wakivuta ngozi upande huu kidogo na upande wa pili kidogo mpaka itulie. Methali yetu husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kwenye injini, fundi anayevutia kwake, akianza na bolti zilizo karibu na mkono na kuacha za nyuma kabisa karibu na bodi ya gari ziwe za mwisho na za haraka, hupata gasketi kama ile yetu.

NAMBA TATU ZA BOLTI MOJA

Sasa turudi kwenye matengenezo ya pili, ambapo spana ya kipimo ilikuwepo na bado gasketi ikaungua.

Bolti moja ile ile ya hedi ya 3L ina namba tatu vitabuni. Kwa nyutoni-mita ni 78. Kwa futi-pauni, kipimo cha Wamarekani na cha Waingereza wa zamani, ni 58. Kwa kilo-sentimita, kipimo cha vitabu vingi vya Kijapani, ni 800. Zote tatu ni nguvu moja, kama vile maili na kilomita zinavyopima barabara moja ya kwenda Dar es Salaam. Fotokopi tuliyompa fundi ilikuwa ya kitabu cha futi-pauni. Spana tuliyoazima ilikuwa ya nyutoni-mita. Fundi alisoma 58 akaweka 58, akakaza kwa uangalifu mkubwa bolti zote kwa robo tatu tu ya nguvu inayotakiwa.

Kuna zaidi ya hapo. Fotokopi yenyewe ilikatika chini, na mistari iliyokatika ndiyo ile ya robo mbili za mzunguko. Fundi hakuwa na njia ya kujua kwamba kazi haijaisha. Fotokopi ile ilitolewa hapa ofisini kwetu, kwenye mashine yetu, na sisi ndio tuliompelekea. Kwa hiyo gharama ya matengenezo ya pili, ambayo iliandikwa kwenye vitabu vya usharika, ni gharama ya dayosisi. Imesharekebishwa na kurudishwa, na ndiyo maana mstari wa usharika umeshuka wakati wetu umepanda.

Tangu hapo tumeandika namba zote tatu kwenye kibao kinachoning'inia juu ya meza ya gereji, tena kwa maneno kamili bila vifupisho. Anayetaka kubadilisha mwenyewe azidishe futi-pauni kwa 1.36 kupata nyutoni-mita, au agawanye kilo-sentimita kwa 10.2.

VYA RAHISI NA VISIVYO VYA RAHISI

Katika kikao cha bajeti mama mmoja mwenye duka, ambaye hesabu zake hatujawahi kuzikuta na kosa, alituuliza: "Sasa baba, hiyo spana ni ya dhahabu? Kariakoo zipo kila bei." Alikuwa sahihi kuuliza. Kuanzia maduka makubwa ya Kariakoo hadi vibanda vya Gerezani, seti ya spana inaweza kuuzwa kwa bei ya chakula cha siku chache au kwa mshahara wa miezi, na zote zimeandikwa maneno yale yale ya kujisifu kwenye chuma. Maandishi hayathibitishi kitu.

Msimamo wetu, baada ya kuharibu vya kutosha, ni kwamba usharika usione aibu kununua vya bei nafuu kwa kazi nyingi. Nyundo, patasi, brashi ya waya, bisibisi, hata spana za ringi za kufungulia mabampa na betri, vya rahisi vinafaa, na vikivunjika hasara ni ndogo. Pasipofaa kubana fedha ni soketi za bolti za hedi na za konrodi. Soketi laini hupanuka, huteleza, na kuviringa kichwa cha bolti. Kuanzia hapo mnalipia kuchimba bolti. Mchagueni soketi ya pembe sita badala ya pembe kumi na mbili kwa kazi hizo, kwa kuwa hushika ubavu wa bolti na si ncha zake. Njia rahisi ya kuijaribu dukani ni kwenda na bolti mfukoni. Soketi ikicheza sana juu ya bolti, mrudishieni mwenye duka kwa heshima.

Nunueni pia mkono mrefu wa kufungulia, ule usio na meno ndani. Huu ni wa bei ndogo na ndio unaookoa spana ya kipimo, kwa sababu adui mkubwa wa spana ya kipimo ni fundi anayeitumia kufungulia bolti zilizoshika kutu. Kipande cha bomba kinaweza kuvishwa kwenye mkono wa kufungulia. Kwenye spana ya kipimo kisivishwe kamwe.

Na spana ya kipimo yenyewe? Hapa tutawashangaza baadhi yenu: ya bei nafuu inafaa, kwa masharti. Zipo za aina mbili zinazopatikana kwa urahisi. Ya kwanza ni ya mshale, ambayo ni chuma kinachopinda na mshale unaobaki umenyooka ukionyesha namba. Ni rahisi kuliko zote, haina kitu ndani cha kuharibika, na mshale ukihama kwenye sifuri unaurudisha kwa kidole. Ubaya wake ni kwamba lazima macho ya fundi yawe juu yake sawasawa, jambo gumu ukiwa umeinama ndani ya boneti. Ya pili ni ya mlio: unaweka namba kwa kuzungusha mpini, na nguvu ikifika inalia "tak" na kulegea kidogo mkononi. Ukisikia mlio, acha. Mafundi wengi huongeza "tak" ya pili kwa ajili ya roho kutulia, na hiyo ya pili ndiyo inayopita kipimo.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 huruhusu spana za namna hii kukosea kwa asilimia 4 juu au chini kwa vipimo vya zaidi ya nyutoni-mita 10, na hushauri zikaguliwe kila baada ya miezi 12 au mara 5,000 za kutumika. Kwa 78, asilimia 4 ni kama 3. Spana ya bei nafuu iliyokaguliwa inaweza kufika hapo. Spana ya gharama iliyoangushwa sakafuni na kutupwa kwenye buti haifiki. Tunalo ushuhuda: tulikuwa na spana nzuri sana iliyokuja kwa kontena, iliyotumika, ikiwa imehifadhiwa miaka mingi huku mpini wake umekazwa hadi juu. Tulipoipima ililia mapema mno. Ile ya rahisi tuliyonunua Kariakoo ilikuwa sawa. Tangu hapo kila spana ya mlio hurudishwa kwenye namba yake ya chini kabisa kabla ya kuwekwa sandukuni, na sanduku lina kitambaa chenye oili kwa ajili ya hewa ya bahari.

NAMNA YA KUIPIMA KWA DUMU

Huenda mtauliza tuliipimaje, maana vyombo vya maabara hatuna. Tulitumia dumu la maji la lita 20, jiriwa, futi ya mshonaji na mizani ya soko la samaki.

Anzeni na mizani. Tundikeni dumu na kamba yake, mwongeze au mpunguze maji mpaka uzito wote uwe kilo 20 kamili. Hapo hakuna haja ya kubishana kama dumu tupu lina uzito gani, au kama maji ni ya kisima au ya bahari (ya bahari ni mazito zaidi, kwa hiyo lita 20 zake si kilo 20). Kisha bana kichwa cha mraba cha spana kwenye jiriwa, mpini ukiwa umelala sawasawa na sakafu. Pimeni kutoka katikati ya ule mraba hadi katikati ya mahali mkono unaposhika. Tuseme ni sentimita 40, yaani mita 0.4. Zidisheni kilo 20 kwa 0.4, kisha kwa 9.8. Jibu ni 78 na nukta, namba ile ile ya hedi yetu. Sisi tulifurahi mno kuiona, ingawa ni bahati tu ya urefu wa spana yetu. Yenu ikiwa na sentimita 45 mtapata 88, na kipimo kitafaa vile vile.

Wekeni spana kwenye 70, mtundike dumu taratibu pale pale katikati ya mshiko bila kulidondosha. Inapaswa kulia. Ondoeni, ongezeni hadi 74, tundikeni tena, na kuendelea hivyo mpaka ifike namba ambayo haitoi mlio. Uzito wa spana yenyewe nao huchangia nyutoni-mita 2 au 3, hivyo kwa mfano huu mlio ukikoma mahali kati ya 78 na 84 sisi huridhika. Ukikoma mbali na hapo, spana iende kwa mtaalamu au istaafu. Andikeni tarehe na matokeo kwenye daftari, na wajumbe wawili watie sahihi. Tumegundua kwamba kamati hupenda sana zoezi hili, na safari ya kwanza tulikuwa na watazamaji zaidi ya waliohudhuria kikao cha bajeti.

Siku hiyo hiyo tuliwaomba mafundi waliokuwepo wakaze bolti kwa mkono mtupu, kila mmoja kadiri anavyokaza hedi, kisha tukapima. Hatukufanya hivyo kwa kuwadharau, maana wengine wameanza kazi kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Hakuna wawili waliolingana. Mkongwe kuliko wote alikaribia mno kwenye bolti ya kwanza. Kwenye ya mwisho, akiwa amechoka na mkono umepinda, alikuwa mbali, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Tangu siku hiyo ndiye mtunzaji wa spana ya kipimo.

NENO KWA VIKUNDI VYA WAVUVI

Vikundi vya Mlingotini, Kaole na Kunduchi vyenye injini za kupachika nyuma ya boti visidhani kwamba spana ya gari itawafaa. Spana kubwa ya kichwa cha nusu inchi mara nyingi hupima kuanzia 28 hadi 210. Bolti ndogo za milimita 6 za injini za boti huhitaji karibu 10 tu, na zimefungwa kwenye alumini, ambayo nyuzi zake hung'oka haraka. Ukiweka spana kubwa hapo haitalia kamwe mpaka nyuzi zitoke. Kwa ujumla spana yoyote ya mlio haiaminiki katika sehemu ya tano ya chini ya kipimo chake. Nunueni ndogo, ya 5 hadi 25.

Chumvi nayo hula pale chuma na alumini vinapogusana, na bolti hushikamana kana kwamba zimechomelewa. Kupaka grisi inayofaa wakati wa kufunga, na kusuuza injini kwa maji baridi ya kisima kila jioni, huokoa bolti nyingi kuliko spana yoyote. Injini ikizimika nje wakati wa kusi, boti haingojei fundi, husukumwa kaskazini. Kampasi ya Mbegani ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, iko jirani kabisa na wavuvi hawa. Vijana wa vikundi wakienda kuuliza nafasi za mafunzo waende na barua ya kikundi. Kwa upande wa magari, vyuo vya VETA ndivyo tunavyovitegemea.

KWA MARAFIKI WETU WANAOTUMA VIFAA

Tunashukuru kwa makontena, na tunaomba radhi kwa kusema wazi. Spana za inchi hazitufai. Magari yetu mengi ni ya Japani na bolti zake ni za milimita. Spana ya inchi tisa kwa kumi na sita huingia kwenye bolti ya milimita 14 na kuonekana inafaa, lakini nafasi ya karibu theluthi moja ya milimita inayobaki inatosha kuviringa kichwa cha bolti iliyokazwa sana. Tunazo spana hizo sanduku zima na tumezifungia, kwa sababu kijana anayejifunza huzichukua bila kujua. Mkiweza, tumeni kitabu kamili cha injini kwa kila gari mnalotusaidia, chenye kurasa zote.

Na kuhusu bajeti, ni haki mjue kwamba katika ombi la awali la gari hili usharika uliandika mstari wa "vifaa vya fundi". Mstari huo haukukataliwa na wafadhili. Tuliufuta sisi, hapa ofisini, ili jumla ionekane nzuri. Spana mbili za kipimo, mkono mrefu na soketi za pembe sita tulizonunua baadaye vyote pamoja vilitugharimu chini ya ile safari moja ya kuvuta gari usiku na kazi iliyofuata. Kuanzia maombi ya mwaka ujao, ombi lolote la gari, jenereta au injini ya boti lisilo na mstari huo litarudishwa kwa usharika lijazwe.

Dereva wa kwanza amerudi kazini. Kamati ilimwita mbele ya kikao, mwenyekiti akamwomba radhi kwa niaba ya wote, na sisi tukafanya vivyo hivyo kwa barua, ambayo safari hii tuliipeleka kwa mkono. Amelipwa miezi aliyokaa nyumbani. Ameomba jambo moja, kwamba yeye ndiye awe anashika tochi na kusoma namba kwa sauti kila injini inapofungwa, na hakuna aliyempinga.

Zoezi la kupima spana litafanyika tena robo ijayo, na sharika za jirani mnakaribishwa kuja na spana zenu. Dumu tunalo, limeandikwa "KILO 20" kwa rangi nyekundu na limefungwa mfuniko. Tunawaomba akina mama na vijana wa kwaya wasilichukue tena kuchotea maji.